Unga wa ugali Ujerumani: ipi kati ya pakiti hizi inastahili pesa ya mwanafunzi

Kwa wenye haraka, hukumu ni hii. Unga unaotoa ugali wa kweli Ujerumani ni sembe nyeupe ya Kenya au ya Afrika Kusini, inayouzwa kwenye maduka ya Waafrika. Wa pili ni unga laini wa mahindi ya njano wa maduka ya Waturuki. Pakiti ya manjano ya P.A.N., unga wa mahindi wenye asili ya Venezuela, ambayo kila mgeni huelekezwa siku ya kwanza, nimeiweka ya tatu. Polenta ya haraka, yaani chenga za mahindi za Kiitalia, iko mkiani. Wanga wa mahindi haumo kabisa kwenye orodha, lakini itabidi tuutaje, maana umeshamaliza pesa za wengi.

Mwanafunzi anayeishi Berlin au Hamburg anaweza kuishia hapo na kwenda dukani. Aliyepangiwa chuo kwenye mji mdogo usio na duka la Waafrika anahitaji kujua zaidi, kwa sababu atasimama peke yake mbele ya rafu iliyoandikwa Kijerumani.

Na jambo lenyewe si dogo. Desemba mjini Berlin jua huchomoza saa mbili na robo asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi jioni. Jumapili maduka yamefungwa kwa sheria, isipokuwa machache kama yale ya stesheni kubwa na vituo vya mafuta, ambako huuzwa sandwichi na chokoleti. Kantini ya chuo nayo kwa kawaida imefungwa. Kwa hiyo siku ambayo nyumbani watu wamejaa sebuleni na simu za familia zinapigwa, ndiyo siku ambayo huwezi kutoka kwenda kubadilisha unga uliokosea. Nunua Jumamosi, na ujaribu pakiti mpya katikati ya wiki, siyo Jumapili mchana ukiwa na njaa na kumbukumbu.

Soma pakiti kabla ya kusoma bei

Mahindi kwa Kijerumani ni Mais, na kila pakiti yenye neno hilo humvuta mgeni. Ndani yake kuna vitu vitatu visivyofanana hata kidogo.

Maisstärke, au Speisestärke, ni wanga mtupu wa kukazia mchuzi na kuokea keki. Pumba, kiini na kila kinachoyapa mahindi ladha vimeondolewa. Ukiusonga unapata kitu kinachong'aa, kinachovutika kama gundi, na kikipoa kinatetemeka kama jeli. Ufaransa, Ubelgiji na Uholanzi utaukuta kwa jina la Maizena. Uingereza umeandikwa cornflour, na mtego wa huko ni mkali zaidi kwa sababu neno lenyewe linasikika kama unga wa mahindi.

Maisgrieß ni chenga za mahindi. Polenta ni jina la Kiitalia la chenga hizohizo.

Maismehl ndio unga wenyewe. Katika supamaketi haukai pamoja na unga wa ngano. Utafute kwenye rafu ya vyakula visivyo na gluteni, au kwenye duka la vyakula vya kilimo hai.

Ukishajua kilichomo, angalia kama kimepikwa kiwandani. Neno la Kijerumani ni vorgekocht, la Kihispania ni precocida. Hili linabadilisha namna nzima ya kusonga, na wengi wanaolalamika kwamba unga fulani "haukubali" wametumia njia ya unga mbichi kwa unga uliokwisha kupikwa.

Ukubwa wa chembe hauhitaji lugha. Bonyeza pakiti kwa kidole gumba: unga laini hubaki na alama ya kidole, chenga hutiririka na kurudi mahali pake kama mchanga.

Rangi haina ushawishi mkubwa kwenye mapishi. Unjano unatokana na karotenoidi, jamii ileile ya rangi iliyomo kwenye karoti, na ladha yake ni tamu kidogo kuliko mahindi meupe. Tatizo liko kichwani. Watanzania wa umri fulani hukumbuka unga wa msaada uliobatizwa "Yanga" kwa rangi yake, na Wakenya hukumbuka mahindi ya njano ya ukame wa 1984. Mzazi akiona picha ya ugali wa njano kwenye simu anaweza kuuliza kama mambo yamekuwa magumu. Mwambie ni unga wa Kituruki.

P.A.N., pakiti ya manjano yenye mama mwenye kitambaa kichwani

Chapa hii ilianza Venezuela mwaka 1960, na unga wake ni wa kutengenezea arepa, mikate ya duara ya mahindi. Unapatikana karibu kila mahali: maduka ya Waafrika, ya Waasia, supamaketi kubwa zenye rafu ya vyakula vya kigeni, na mtandaoni. Upo mweupe na upo wa njano, kwa hiyo usidanganywe na rangi ya pakiti; soma blanco au amarillo.

Mahindi yake yamekobolewa, yakapikwa, yakakaushwa, ndipo yakasagwa. Wanga wake tayari umefunguka, kwa hiyo unakunywa maji hata yakiwa baridi. Ukiutupa kwenye maji yanayotokota, kama tulivyozoea kufanya na sembe, kila kidonge cha unga kinajifunga nje papo hapo na kubaki kikavu ndani. Hayo ndiyo mabonge ambayo hakuna mwiko unaoyavunja.

Njia yake ni kinyume. Kwa mililita 500 za maji anza na gramu 200 tu za unga. Weka maji ya uvuguvugu, ambayo kidole kinayavumilia, mwaga unga wote polepole huku ukikoroga, uache dakika tatu ukae mpaka ukaze. Ndipo uwashe jiko moto wa kati na kusonga dakika tano hadi saba. Ukiona umelegea, ongeza kijiko kimoja na usubiri dakika nzima kabla ya kuongeza kingine, kwa sababu unga huu unaendelea kunywa maji baada ya wewe kudhani umeshiba. Anayepima kwa jicho hupata ugali mzuri sufuriani na jiwe mezani.

Matokeo: mweupe, laini, hauna mabonge, tonge linabumbika. Lakini unanata kwenye vidole kuliko sembe, na harufu yake ni ya mahindi ya kuchemsha. Ile harufu ya unga kukutana na moto, inayokufikia ukiwa bado koridoni, haipo, kwa sababu upikaji ulishafanyika kiwandani. Ukoko wake pia hauna ladha. Kwa mtu mwenye haraka kati ya vipindi viwili, ni mkombozi. Kwa anayetafuta nyumbani, ni nusu ya safari. Alama tatu na nusu kati ya tano, na nusu nzima ni kwa sababu unapatikana kirahisi.

Una kazi nyingine ambayo ninaiheshimu zaidi: ni gundi. Unga wowote unaovunjikavunjika, ukiuchanganya na theluthi moja ya P.A.N., unashikana.

Polenta, na namna ya kuinusuru

Polenta iko katika kila supamaketi, bei yake iko chini, na pakiti ya nusu kilo humtosha mtu wiki. Ndiyo maana hununuliwa na wengi, na ndiyo maana hulalamikiwa na wengi.

Zipo mbili. Ile ya haraka, yenye maandishi ya dakika mbili au tano, imeshapikwa kwa mvuke kisha ikakaushwa ikiwa bado chenga. Ukiisonga inavimba haraka nje huku kiini cha kila chembe kikibaki kigumu. Mdomoni ni kama umeokota mchanga wa pwani. Hakuna la kuifanya zaidi ya kuipika kama Waitalia, laini, yenye jibini. Alama moja.

Ile isiyopikwa, ya dakika 30 au 40, inanusurika. Kosa kubwa ni kuipa muda wa sembe. Chembe kubwa inahitaji muda ili maji yafike katikati. Ukikaza ugali kabla maji hayajafika, hayafiki tena. Loweka gramu 200 za chenga katika mililita 550 za maji nusu saa, au tangu asubuhi ukiwa chuoni. Chemsha maji hayohayo pamoja na chenga, punguza moto, acha uji utokote robo saa hadi dakika 20 ukiukoroga mara kwa mara na kuongeza maji ukikauka. Ndipo ukaze kwa gramu 70 au 80 za unga laini: Maismehl, wa Kituruki, au P.A.N. uliokorogwa kwanza kwenye maji kidogo. Unatoka ugali wa njano wenye chembechembe kama wa mahindi yaliyosagwa kwa jiwe. Siyo mbaya hata kidogo kwa maharage.

Mwenye blenda yenye nguvu anaweza kusaga chenga kavu kwa mikupuo ya sekunde kumi kumi, akizichekecha katikati. Usiiache ikizunguka mfululizo. Mota ya blenda ndogo hupata moto, na unga huanza kushikana chini ya visu.

Ukiwa karibu na duka la Waitalia, maneno mawili yatakusaidia. Bramata ni chenga kubwa, fioretto ni ndogo zaidi. Lipo na la tatu, fumetto, ambao ni unga laini kabisa wa keki. Na mkoa wa Veneto una polenta nyeupe, bianca, ambayo fioretto yake ikisongwa inafanana na ugali wetu kuliko Muitalia yeyote anavyojua.

Mısır unu wa Waturuki

Hapa ndipo mwanafunzi wa mji mdogo apeleke pesa zake. Duka la Waturuki lipo karibu kila mji wa Ujerumani, na huu ni unga wa mahindi ya njano uliosagwa laini, mbichi, ambao kwao Bahari Nyeusi huokea mkate na kukaangia dagaa wao. Unasongwa kwa njia ileile ya sembe: gramu 250 kwa nusu lita ya maji.

Una kasoro mbili. Unakatika kidogo ukipoa, na dawa yake ni ile theluthi ya P.A.N. Tena baadhi ya pakiti ni za mahindi yaliyokaangwa kabla ya kusagwa. Zina rangi ya hudhurungi na harufu ya bisi, na ugali wake unageuka kuwa kitu kingine. Tafuta neno kavrulmuş, lenye maana ya kukaangwa, na ukiliona irudishe pakiti mahali pake. Alama nne.

Sembe yenyewe

Jogoo, Pembe na Soko za Kenya hufika kwenye baadhi ya maduka ya Waafrika, kwa pakiti zilezile za kilo mbili. Za Afrika Kusini, kama Iwisa na White Star, zimesambaa Ulaya kupitia maduka yanayowahudumia watu wa huko. Tofauti kati ya makundi haya mawili ni ndogo kuliko ubishi wake. Ya Kenya ni laini zaidi na inakaza haraka. Ya Afrika Kusini ina chembe kidogo na inataka dakika tatu nne zaidi za mvuke. Mtanzania wa sembe atajisikia kwao kwa zote mbili. Wa dona atabaki na kiu, maana dona karibu haiuzwi, na kuna sababu: kiini cha hindi kina mafuta, na unga uliosagwa pamoja na kiini huingia uchungu upesi kuliko uliokobolewa. Ukiletewa dona na ndugu, iweke kwenye friza na uimalize mapema.

Bei yake kwa kilo mara nyingi ni maradufu ya polenta au zaidi. Piga hesabu kabla ya kuguna. Kilo mbili ni sufuria nane za gramu 250, na kila sufuria inashibisha wawili. Ni sahani 16. Kwa mwanafunzi ambaye akaunti yake ya dhamana (Sperrkonto, ile ya kuombea viza, inayotoa pesa kidogo kidogo) humwachia yuro 992 kwa mwezi, kiwango kilichowekwa Septemba 2024, na kodi ya chumba ikachukua sehemu kubwa, mpango unaowezekana ni huu: wa Kituruki siku za kazi, sembe Jumapili. Wenzako wawili mkichanga mfuko mkubwa, kilo inashuka bei.

Berlin, eneo la kutafuta ni Wedding, pembeni mwa Müllerstraße. Hamburg ni Steindamm, na Frankfurt ni mitaa iliyo mbele ya stesheni kuu. Wedding ina jambo lake: ndiko uliko Mtaa wa Waafrika, uliopangwa enzi za ukoloni, na mtu anaweza kubeba kilo zake za unga akapita Sansibarstraße, Tangastraße na Usambarastraße kama anayetembea kwenye ramani ya shule. Barabara iliyokuwa na jina la Carl Peters, mkoloni wa Kijerumani wa Afrika Mashariki, iligawanywa 2024, na kipande chake kimoja sasa kinaitwa Maji-Maji-Allee.

Dukani, pindua pakiti na utafute mindestens haltbar bis, tarehe ya mwisho ya ubora. Bidhaa za kwetu husafiri muda mrefu na hukaa rafuni muda mrefu, na si ajabu kukuta pakiti iliyobakiza wiki mbili ikiuzwa bei kamili. Omba punguzo; duka la Waafrika ni mahali pachache Ujerumani ambapo kuomba punguzo hakumshangazi mtu. Shika pakiti kwenye mwanga uangalie pembe zake. Utando mwembamba kama wa buibui ni alama ya nondo wa unga, na pakiti hiyo ikiingia kwenye kabati la pamoja hosteli, itaingia na lawama.

Alama tano kwa sembe mpya. Iliyochakaa, mbili.

Kubeba kutoka nyumbani

Unga wa kiwandani uliofungwa haujawa tatizo kwa kawaida, lakini uache kwenye pakiti yake yenye maandishi. Neno "unga" mtaani kwetu lina maana ya pili, na askari wa forodha akifungua begi akakuta kilo mbili za kitu cheupe kwenye mfuko wa nailoni, hataanza kwa kufikiria ugali.

Nyama na maziwa, samli ikiwemo, kwa kawaida haviruhusiwi kuingia Umoja wa Ulaya kwenye begi la abiria. Matunda mabichi na mbegu huhitaji cheti cha afya ya mimea, isipokuwa nanasi, nazi, duriani, ndizi na tende. Samaki wa kukaushwa wanaruhusiwa hadi kilo 20 kwa mtu, kwa hiyo dagaa wako wako salama. Uzito wa begi ndio utakaokubana kwanza. Kati ya kilo mbili za sembe na kilo mbili za dagaa, beba dagaa. Sembe ina mbadala, dagaa wa Mwanza hawana.

Nyeupe nyingine

Grieß ya ngano, ile Weichweizengrieß, hutumiwa na Wanigeria kama semo, ugali wao wa ngano. Inatoa ugali mweupe na laini, ila gluteni huufanya unyumbuke. Tonge halikatiki, linavutwa. Fufu ya pakiti mara nyingi ni wanga wa viazi uliochanganywa na muhogo, haina undugu na ugali. Lakini aliyekulia ugali wa makopa asikate tamaa: atafute kokonte kwenye rafu ya Waghana. Ni muhogo uliokaushwa ukasagwa, na kwenye sahani ni hudhurungi ileile.

Duka la Wahindi nalo usilipite. Ragi ni ulezi, uleule wa uji wetu. Jowar ni mtama, bajra ni uwele.

Jiko la hosteli ndilo adui

Nusu ya malalamiko kuhusu unga ni malalamiko kuhusu jiko. Mafiga matatu hushika sufuria. Jiko la kioo linaiacha iteleze. Sufuria ya alumini isiyo na mpini, iliyobebwa kwa mapenzi kutoka nyumbani, itazunguka pamoja na mwiko, na ikiburutwa inakwaruza kioo ambacho utalipia siku ya kurudisha chumba. Kama jiko ni la induksheni, alumini haitapata moto kabisa. Jaribu kwa sumaku ya friji: isiposhika kitako cha sufuria, jiko halitaitambua.

Nunua sufuria ya chuma yenye kitako kizito, mpini mrefu mmoja, ya lita mbili au mbili na nusu. Vijiko vya mbao vya supamaketi huvunjika shingoni siku ya tatu. Chagua chenye mpini mnene na uso bapa, usiopungua sentimita 30.

Maji usiyachemshie jikoni. Birika la umeme linachemsha nusu lita kabla sahani ya jiko haijapata joto. Kwa sembe au unga wa Kituruki, fanya hivi. Mililita 400 zinazotokota ziingie sufuriani, jiko likiwa namba ya juu. Vijiko vitatu vikubwa vya unga, koroga kwenye mililita 100 za maji baridi, mimina huku ukikoroga. Uji huo utokote dakika tano kamili. Hapa ndipo watu huiba muda, na ndiyo sababu ugali wao unanuka ubichi hata ukiwa mgumu.

Shusha moto hadi kati. Majiko ya zamani yenye sahani za chuma hubaki na moto dakika kadhaa baada ya kuyashusha, kwa hiyo yashushe uji ukiwa bado dakika ya tatu. Unga uliobaki ugawe mara tatu, songa baada ya kila fungu mpaka unga mkavu usionekane. Fungu la mwisho likishaingia, ipua. Weka kitambaa kilicholowa na kukamuliwa juu ya meza au sakafu, sufuria juu yake, na usonge hapo kwa nguvu zako zote, kitambaa kinaishika. Dakika moja inatosha. Rudisha jikoni namba mbili au tatu, funika, dakika tano za mvuke, geuza, dakika mbili tena.

Ukipasuka ukiugeuza, maji yalikuwa machache au unga una chenga. Ukilala kama uji mzito baada ya mvuke, usiongeze unga mkavu juu yake. Utakuwa umeongeza ubichi. Acha wazi bila mfuniko dakika nne, unyevu utoke.

Mboga, kwa ufupi

Sukuma wiki ya huku ni Grünkohl, na msimu wake ni majira ya baridi. Majani yake yamekunjamana na magumu. Toa uti wa kati, katakata nyembamba sana, na uyape dakika kumi zaidi. Iliyogandishwa inafaa, ila kamua maji. Kisamvu kiko kwenye friza za maduka ya Wakongo kwa jina la pondu au saka-saka, na kama uko karibu na mpaka wa magharibi, treni ya kwenda Matonge, mtaa wa Wakongo mjini Brussels, inalipa nauli yake kwa pondu na ndakala, dagaa wa Kikongo, tu. Maziwa mala ni kefir. Buttermilch ni nyepesi mno.

Ukikaanga dagaa kwenye jiko la pamoja, funga mlango wa koridoni na ufungue dirisha kabla mafuta hayajapata moto. Kengele ya moshi ya koridoni ndiyo inayowatoa watu nje, na kwenye baridi hawasahau.

Kuhifadhi na kuosha

Pakiti mpya ikae kwenye friza wiki moja kabla ya kuingia kabatini. Baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri huua mayai ya nondo. Baadaye ihamie kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko cha kuzungusha. Nondo hutoboa karatasi na nailoni nyembamba.

Sufuria iloweke kwa maji baridi. Ya moto hupika upya wanga uliobaki na kuushikiza zaidi. Baada ya saa moja ukoko unainuka wenyewe kama ngozi. Utoe mzima, uutupe kwenye pipa la taka za jikoni, ambalo miji mingi ni la kahawia. Usiusukume kwenye sinki, kwa sababu unavimba ndani ya bomba, na bomba hilo mnalitumia ghorofa nzima.